Shaka Ndani ya Imani: Kuuliza na Kukana Si Jambo Moja

Katika darasa la kipaimara nililokuwa nikifundisha Mikindani, Mombasa, kijana mmoja wa miaka 14 alibaki nyuma wenzake walipotoka, akasubiri hadi sauti zao zilipopotea barabarani, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimeliandalia jibu: "Mwalimu, ukiwa huamini kwa dakika moja tu, halafu ukafa ndani ya dakika hiyo hiyo, unahesabiwa upande gani?" Nilicheka kidogo, nikajuta kucheka, kwa sababu macho yake hayakuwa ya mtoto anayefanya mzaha. Usiku, aliniambia, humjia wazo kwamba huenda hakuna anayezisikiliza sala zake, naye huanza kuomba radhi kwa wazo lenyewe kabla halijakamilika kichwani.

Nimelikumbuka swali lile mara nyingi tangu Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, na hesabu ya miili ikapanda wiki baada ya wiki hadi ikapita 400. Paul Mackenzie, mhubiri anayeshtakiwa pamoja na wenzake kuhusiana na vifo hivyo, ameyakana mashtaka, na kazi ya kuamua ni ya mahakama. Lakini nje ya mahakama, kwenye matatu, vibarazani na hata milangoni pa kanisa baada ya ibada, yalizuka mabishano ambayo hadi leo hayajatulia. Wapo waliosema kwamba hayo ndiyo matunda ya dini yenyewe, kwa kuwa dini humtaka mtu aamini bila kuuliza. Wapo waliojibu kwa hasira kwamba Mkristo anayeanza kuuliza maswali amekwisha kuanguka, na kwamba dawa ya mafundisho potovu ni kuamini zaidi. Makundi haya mawili hayapikiki chungu kimoja, ila yamekubaliana juu ya jambo moja bila kujua: yote mawili yanadhani kwamba imani na shaka haziwezi kukaa katika kifua kimoja. Makala haya yanahusu dhana hiyo, ambayo kwa maoni yangu ni kosa, tena kosa lenye madhara.

Tuanze na maneno

Neno "imani" limetoka Kiarabu, na ndugu zake wamo humu humu lughani mwetu: amini, amana, mwaminifu. Mtu akiweka amana kwako, hajakuletea hoja za kujadili. Amekukabidhi kitu chake kwa kukutegemea. Tena Mswahili akisema kwamba fulani hana imani, mara nyingi hazungumzii mafundisho ya dini hata kidogo, anamaanisha kwamba mtu huyo hana huruma. Nayo "amina" tunayomalizia sala imetokana na mzizi wa Kiebrania ulio wa ukoo huo huo, unaogusa jambo lililo thabiti, la kuweza kuegemewa. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno pistis, ambalo hubeba kwa pamoja maana ya kusadiki, kutegemea na kuwa mwaminifu. Kwa hiyo imani, kabla haijawa orodha ya mambo ambayo mtu anayakubali kichwani, ni hali ya kumwegemea mwingine na kushikamana naye. Kukubali kwa akili kumo ndani yake, kwani huwezi kumtegemea usiyesadiki kwamba yupo, lakini hakuujazi mtungi wote.

Shaka ni kusita kati ya mawili. Mathayo ametumia mara mbili neno la Kigiriki distazo, mara ya kwanza Petro anapozama ziwani na mara ya pili wanafunzi wanapokutana na Yesu mlimani Galilaya, na ndani ya neno hilo limo wazo la uwili: mtu amefika penye njia panda, mguu mmoja unakwenda huku na mwingine kule. Shaka ina jirani yake aitwaye wasiwasi, na majirani hawa huchanganywa sana. Asili ya "wasiwasi" ni neno la Kiarabu la mnong'ono, na kweli wasiwasi hunong'ona: humrudia mtu aliyekwisha kujibiwa, ukamwamsha kuutazama mlango ambao ameufunga mara tatu. Kijana wangu wa Mikindani, nadhani, alikuwa na wasiwasi mwingi kuliko shaka. Kisha kuna swali tupu, ambalo mtu huweza kuliuliza bila kusita popote, kama mtoto anayetaka kujua Kaini alimwoa nani. Na mwisho kabisa kuna kukana, ambako ni uamuzi: mtu alikuwa ameshika, akafungua mkono kwa hiari yake.

Kanisa Katoliki limeziweka tofauti hizi kwa maandishi. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, katika kifungu cha 2088, inatenganisha shaka ya hiari na shaka isiyo ya hiari. Ya kwanza ni kupuuza au kukataa kuyakubali kuwa kweli yale ambayo Mungu ameyafunua. Ya pili ni kusita katika kuamini, kushindwa kuvivuka vikwazo vinavyohusu imani, au fadhaa inayoletwa na ugumu wa mambo yenyewe ya imani. Kifungu hicho hakisemi kwamba shaka ni jambo la kuchezea, kwani kinaonya kwamba ikipaliliwa kwa makusudi huweza kumpofusha mtu kiroho. Hata hivyo neno "kwa makusudi" lina uzito wake. Na katika kifungu cha 157, Katekisimu hiyo hiyo inamnukuu John Henry Newman, mwanateolojia Mwingereza wa karne ya 19, aliyesema kwamba magumu elfu kumi hayafanyi shaka moja.

Chombo kilichotia nanga

Alasiri moja nilikaa juu ya ukuta unaotazama Bandari ya Kale, si mbali na Fort Jesus, nikawa natazama chombo kimoja cha mbao kilichotia nanga mbali kidogo na nchi kavu. Maji yalikuwa yakijaa, na omo la chombo, yaani sehemu yake ya mbele, lilielekea mlango wa bahari, kule maji yalikotoka. Nilikwenda kutafuta kahawa na kashata, nikaingia katika maongezi na muuzaji, na niliporudi maji yalikuwa yametulia. Baadaye yakaanza kutoka, na chombo kikaanza kugeuka, polepole kiasi kwamba ukikitazama husemi kinakwenda, mpaka tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikafika pale palipokuwa na omo. Mtu aliyekiona mapema na kukiona tena magharibi angeweza kuapa kwamba nanga imeng'olewa. Kumbe amari, kamba ya nanga, ilikuwa imekaza vile vile.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 6, aliuita tumaini "nanga ya roho". Nimesikia mahubiri mengi juu ya mstari huo, na mengi yao huieleza nanga kana kwamba ni msumari: ukiwa nayo hutikisiki. Aliyekulia kando ya maji hawezi kukubali maelezo hayo. Nanga haikizuii chombo kugeuka, kuyumba wala kupanda na kushuka, inakizuia kupotea. Maji ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, kwa hiyo chombo kisichoruhusiwa kucheza kingekatika kamba au kingelala ubavu. Ndiyo maana baharia huacha amari ndefu.

Hapa ndipo ninapoona mzizi wa fujo yetu. Tunapima imani kwa kuangalia kama chombo kimetikisika, wakati tulipaswa kuangalia kama nanga imeshika. Mtu anayesita lakini bado anaomba, ingawa kwa manung'uniko; anayekaa kanisani kwenye benchi la nyuma bila hamu ya kuimba; anayegombana na Mungu lakini anagombana naye yeye, si kumsengenya kwa wengine, huyo bado ameshikwa. Na yupo asiyewahi kusita hata siku moja, si kwa kuwa nanga yake ni nzito, ila kwa kuwa hajawahi kutoka ghubani.

Msomaji wa Biblia atauliza, na ni haki yake: mbona Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anasema mwenye shaka ni kama wimbi la bahari linalochukuliwa na upepo? Mstari huo umetumiwa kuwanyamazisha watu wengi, kwa hiyo inafaa kuusoma pamoja na majirani zake. Kabla yake, katika mstari wa 5, Yakobo anamwambia anayepungukiwa na hekima aombe kwa Mungu, ambaye huwapa wote kwa ukarimu "wala hakemei". Yaani mwenye upungufu anakaribishwa aje na upungufu wake, naye hatakaripiwa. Baada yake, katika mstari wa 8, anamtaja mtu ambaye anamlenga hasa, "mtu wa nia mbili". Huyo ni mshika mawili, anayemwomba Mungu asubuhi na jioni anakwenda kwa mganga ili kama huku kukishindikana kule kusishindikane. Hilo ndilo wimbi la Yakobo, halina nanga wala haliitaki. Chombo chetu cha Bandari ya Kale kiliguswa na maji yale yale yanayobeba wimbi, ila chenyewe kilikuwa na mahali pake.

Kuna mfano mwingine tulio nao karibu zaidi. Kila siku maelfu kwa maelfu ya watu huvuka kivuko cha Likoni, na wengi wao hawajui injini ya feri inafanyaje kazi. Wapo ambao feri ikiachana na ukingo mapigo ya moyo huongezeka, na wapo wanaoendelea kutafuna mahindi ya kuchoma. Wote hufika ng'ambo kwa dakika ile ile, kwa sababu kinachowavusha ni feri, wala si utulivu wao. Wahubiri hupenda mfano wa namna hii, nami naupenda pia, lakini watu wa Mombasa hatuwezi kuuishia hapo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka kule Mtongwe ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 270 wakafa. Baada ya msiba kama huo, anayeuliza kama feri imekaguliwa haitwi adui wa feri. Anauliza kwa sababu anataka kuvuka.

Kwa hiyo mafundisho yanayomkataza mtu kuuliza hayailindi imani yake. Yanamwondolea kifaa pekee cha kutambua chombo kibovu. Wayahudi wa Beroya, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, hawakukemewa walipoyapima maneno ya Paulo mwenyewe kwa kuyachunguza Maandiko kila siku "waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo". Waliitwa waungwana kuliko wengine. Mhubiri ambaye anajiona juu ya Paulo, asiyetaka kupimwa na waumini wake, amekwisha kutoa jibu kuhusu nafsi yake.

Tomaso na wenzake

Hakuna aliyeonewa katika mazungumzo haya kama Mtume Tomaso. Jina lake limegeuzwa tusi. Mtoto akikataa kuamini jambo anaambiwa "wewe ni Tomaso", na anayeambiwa huona haya. Lakini tukiirudia sura ya 20 ya Injili ya Yohana taratibu, tunakuta kwamba jioni ya kwanza Yesu aliwaonyesha wanafunzi wengine mikono yake na ubavu wake, ndipo wakafurahi. Tomaso hakuwapo. Alipoomba kuona mikono na ubavu, aliomba kile kile ambacho wenzake walikuwa wamekwisha kupewa bila kuomba, tena wenzake hao, kwa mujibu wa Luka sura ya 24, ndio walioyaona maneno ya wanawake waliotoka kaburini kuwa kama upuuzi. Kama kuna haja ya kugawa lawama, basi igawiwe kwa haki.

Jambo linalonigusa zaidi ni dogo, na wasomaji wengi hulipita. Yohana anasema kwamba baada ya siku nane wanafunzi walikuwamo ndani tena, "na Tomaso pamoja nao". Siku nane ni nyingi. Kwa siku nane mtu mmoja alikula, akalala na kukaa pamoja na watu waliosema wamemwona Bwana, huku yeye akisema waziwazi kwamba hatasadiki. Wao hawakumfukuza ili asiwaharibie furaha, naye hakuondoka ili akawe na msimamo wake peke yake. Ni ndani ya chumba hicho, mbele ya macho ya watu hao, ndipo alipotamka maneno "Bwana wangu na Mungu wangu". Ni kweli kwamba Yesu akaongeza heri kwa wale wasioona wakasadiki, na heri hiyo si ya kufichwa. Lakini aliitamka akiwa amekwisha kumnyoshea Tomaso mikono. Wakristo wa kale wa Kerala, ng'ambo ya bahari hii hii tunayoitazama, husimulia kwamba ni Tomaso huyo aliyewapelekea Injili.

Karibu na mwisho wa Injili yake Mathayo ana mstari ambao ningetamani uandikwe juu ya milango ya makanisa yetu. Wanafunzi walipomwona Yesu mlimani "walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka". Kusujudu na kusita vimo katika sentensi moja. Kinachofuata ni agizo la kwenda kwa mataifa yote, na halikutolewa kwa waliosujudu bila shaka peke yao. Naye Yohana Mbatizaji, aliyemnyooshea Yesu kidole mtoni, alipokuwa gerezani alituma watu wamuulize kama yeye ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine. Yesu alimjibu kwa kumpelekea habari za mambo yanayotendeka, kisha akamsifu mbele ya umati.

Shaka hazina dawa moja

Hadi hapa nimesema "shaka" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, na huko ni kurahisisha mno. Ipo inayotoka kichwani: umri wa dunia, miujiza, sehemu za Biblia zinazoonekana kupingana. Hiyo hutaka kitabu, mwalimu na muda. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Aljeria, alikaa miaka karibu tisa katika kundi la Wamani, waliofundisha kwamba wema na uovu ni nguvu mbili zinazopigana, akitafuta jibu la swali la uovu, ndipo akabatizwa mwaka 387, na Kanisa limekuwa likila mezani kwake tangu siku hizo. Ipo inayotoka kwa watu: kiongozi aliyehubiri uaminifu akaonekana anaiba sadaka. Mwenye shaka hiyo hahitaji hoja juu ya kuwako kwa Mungu. Anahitaji ukweli usemwe na haki itendeke, na akipewa mahubiri badala ya haki ataondoka, nami sitamlaumu.

Lakini iliyo kubwa kuliko zote, na inayotibiwa vibaya kuliko zote, ni ile inayotoka katika maumivu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alimzika mwanawe baada ya miezi saba ya kwenda na kurudi hospitalini. Siku jumuiya ilipokutana nyumbani kwake, zamu ya kutoa nia za sala ikamfikia, akasema: "Mimi leo sina la kumwambia. Nilimwambia yote, akanyamaza." Mzee mmoja akawahi: "Mama, tusimpe shetani nafasi," akaanzisha wimbo, nasi tukaupokea kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Yule mama akainuka kwenda kutengeneza chai. Kupitia pazia la jikoni nilimwona akipanga vikombe kwenye sinia, akivihesabu, akiongeza kimoja, akikishika kwa muda, kisha akikirudisha kabatini.

Tulimkosea, na naandika "tulimkosea" kwa sababu nami niliimba. Kile alichokisema kimo katika Biblia tuliyokuwa nayo magotini. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari wa mwisho wa kufariji, na Wayahudi na Wakristo wameihifadhi kama sala kwa karne nyingi bila mtu kuifuta. Zaburi ya 22 inauliza "Mungu wangu, mbona umeniacha", na ni maneno hayo ambayo Yesu aliyachukua msalabani. Katika kitabu cha Ayubu, marafiki watatu wanasema maneno mengi ya kumtetea Mungu, na mwishoni Mungu mwenyewe anawakasirikia wao na kusema kwamba Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura, ndiye aliyenena yaliyo sawa. Laiti siku ile mtu mmoja angefunga kitabu cha nyimbo na kufungua Zaburi ya 88.

Ukivuka daraja la Nyali utakuta mahali pa ukumbusho wa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, na kaburi la mkewe, Rosina. Mwezi Julai 1844, akiwa hajamaliza mwaka hapa, na yeye mwenyewe akiugua homa, Krapf alimzika mkewe na siku chache baadaye mtoto wao mchanga wa kike. Watu husimulia habari hiyo ili kuonyesha ushujaa wake. Mimi nikisimama pale huona kwanza kaburi, na huona kwamba kazi ya kamusi na tafsiri ya Maandiko kwa Kiswahili iliendelea kufanywa na mtu mwenye msiba. Kuegemea huweza kuendelea mikononi wakati moyo umechoka.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu ni Mama Teresa wa Calcutta. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, ulimwengu ulishangaa kusoma kwamba kwa karibu nusu karne alikuwa akisali bila kuhisi kwamba Mungu yupo karibu. Wengine walishangilia wakisema ameumbuka. Kanisa lililokuwa likizijua barua hizo lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016. Wangapi kati yetu wangemruhusu mama wa namna hiyo aongoze sala katika jumuiya kama angeyasema yale aliyoyaandika?

Hapa ndipo uongo mmoja unaozunguka sana mjini mwetu unapoumiza watu: kwamba ungekuwa na imani ya kutosha ungepona, ungepata kazi, ungepata mtoto. Mafundisho haya huifanya imani kuwa kama salio la simu, likiwa dogo simu haiendi. Yesu, katika Mathayo sura ya 17, alitaja kipimo cha punje ya haradali, na aliyewahi kuiona punje hiyo anajua kwamba kipimo kilichokusudiwa ni kidogo, si kikubwa. Mgonjwa wa shinikizo la damu au wa kifua kikuu anayeambiwa aache dawa ili kuthibitisha kwamba hana shaka anapewa mtihani ambao Maandiko hayakuuweka. Vivyo hivyo, mtu ambaye mawazo ya dini yamemnyima usingizi kwa wiki nyingi apelekwe pia kwa daktari, na kupelekwa huko kusihesabiwe kuwa ni upungufu wa maombi.

Nisieleweke kwamba naisifu shaka. Kumekuwa na mtindo, hasa miongoni mwa vijana waliosoma, wa kuivaa shaka kama kofia mpya: mtu anauliza swali, akiletewa jibu hasikilizi, kwa kuwa alichokitaka ni kuonekana anauliza. Huko ni kukaa njia panda na kujenga kibanda hapo. Shaka ya Tomaso ilikuwa na sharti lake, na sharti lilipotimizwa alikubali; anayeuliza bila kuwa tayari kwa jibu lolote hatofautiani sana na anayekataza maswali. Waraka mfupi wa Yuda, katika mstari wa 22, unatuagiza tuwahurumie walio na shaka. Kuhurumia kwenyewe ni kazi, maana kunamtaka mtu akae, asikilize, asikimbilie wimbo.

Sikumjibu yule kijana siku ile. Nilimwambia tutalitazama pamoja Jumapili inayofuata, na wiki nzima nilihangaika. Jumapili tulikaa kwenye ngazi za nyuma za kanisa, nikamfungulia Marko sura ya 9, habari ya baba aliyemleta mwanawe mwenye kifafa, akasema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Akausoma mstari huo mara mbili. Kisha akaniuliza kama mtoto alipona kabla au baada ya baba yake kumaliza kuwa na shaka. Nilimwambia atafute mwenyewe mstari unaosema kwamba shaka ya baba iliisha. Alisoma akifuatisha kwa kidole mpaka mwisho wa sura, akarudi juu, akasoma tena.

"Mwalimu," akasema, "haupo."